Leja ya Pamoja na Mizani ya Chama

Maelezo haya yalitolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama wanachama. Yanachapwa kwa ukamilifu ili yasomwe pia na wanachama vijijini.



Kwa miaka mingi chama cha msingi kilipopeleka kahawa sokoni kilitakiwa kutaja mambo matatu: jina la chama, daraja la kahawa na uzito wake. Siku hizi mnunuzi wa ng'ambo anaongeza swali la nne, nalo ni zito kuliko yale matatu: kahawa iliyomo katika gunia hili imetoka shamba gani, na imepita mikononi mwa nani hadi kufika hapa? Pamoja na swali hilo wanakuja wauzaji wa programu za kompyuta, wakieleza kwamba jibu lake limo katika leja ya kielektroni iitwayo blokicheni, na kwamba kilichobaki kwa chama ni kuviunganisha vitabu vyake na leja hiyo.

Makusudi ya mazungumzo haya ni kueleza leja hiyo ni kitu gani, vitabu vya chama huunganishwa nayo kwa njia gani, na ni mahali gani mwanachama anaweza kupata faida au kupata hasara. Neno kuu ni moja tu. Leja hiyo hutunza kwa uaminifu kile ilichoambiwa, lakini haina uwezo wa kujua kama ilichoambiwa ni kweli. Ukweli huwekwa, au hupotezwa, pale penye mizani ya chama.

CHANZO CHA JAMBO HILI

Haja ya kufuatilia chakula hatua kwa hatua ilitiliwa mkazo sana nchini Marekani kutokana na maradhi. Mwezi Septemba 2006 watu wapatao 200 katika majimbo 26 waliugua baada ya kula spinachi mbichi yenye vijidudu vya E. coli, na baadhi yao walifariki. Serikali iliwaambia wananchi wasile kabisa spinachi mbichi ya mifuko, na maduka ya nchi nzima yakaondoa mboga hiyo rafuni. Uchunguzi ulipokamilika ilionekana kwamba mifuko iliyothibitika kuwa na vijidudu ilitoka katika kiwanda kimoja, na ilifungwa katika siku moja ya kazi. Wakulima wengine wote, ambao mboga yao ilikuwa safi, walipoteza soko kwa sababu hawakuwa na njia ya kuonyesha upesi kwamba mali yao haikuwamo. Mwaka 2018 jambo kama hilo lilirudi kwa letusi iliyolimwa pande za Yuma, Arizona: watu 210 waliugua katika majimbo 36, na 5 walifariki.

Kampuni ya Walmart, yenye maduka mengi ya chakula nchini humo, ilifanya jaribio mwaka 2016. Bwana Frank Yiannas, aliyekuwa mkuu wa usalama wa chakula katika kampuni hiyo, alichukua pakiti ya maembe yaliyokatwa akawaagiza wasaidizi wake watafute yalikotoka. Kazi hiyo ilichukua siku 6, saa 18 na dakika 26. Baada ya kumbukumbu za maembe kuwekwa katika leja ya pamoja iliyotengenezwa na kampuni ya IBM, swali lile lile lilijibiwa kwa sekunde 2.2. Mwezi Oktoba 2018 IBM ikafungua huduma hiyo kwa makampuni mengine kwa jina la IBM Food Trust, na Carrefour ya Ufaransa ikawa miongoni mwa waliojiunga.

Wasomaji wa haraka huona ajabu ya sekunde 2.2 wakasahau sababu yake. Siku 6 zile hazikupotea kwa kukosa kompyuta. Zilipotea kwa sababu mkulima, mfungashaji, msafirishaji na mwenye ghala walikuwa kila mmoja na kitabu chake, na namba za kitabu kimoja hazikulingana na namba za kingine. Sekunde 2.2 ziliwezekana kwa sababu kazi ya kulinganisha vitabu ilikuwa imekwisha kufanywa kabla ya swali kuulizwa. Basi anayetaka sekunde hizo hana budi kwanza kuifanya kazi hiyo.

LEJA YA PAMOJA NI KITU GANI

Kila katibu anakifahamu kitabu cha stakabadhi chenye nakala tatu. Nakala ya kwanza huchukuliwa na mkulima, ya pili hupelekwa kwenye chama kikuu, na ya tatu hubaki kitabuni. Karani akitaka kugeuza kilo 48 ziwe kilo 43, hana budi kuzipata nakala zote tatu. Nakala moja tu iliyobaki mfukoni mwa mkulima inatosha kumuumbua.

Blokicheni imejengwa juu ya wazo hilo hilo. Nakala za leja hutunzwa na wahusika kadhaa katika kompyuta mbalimbali. Maandiko hufungwa katika kurasa, na kila ukurasa hupigwa muhuri wa tarakimu unaotokana na maandiko yaliyomo ndani yake pamoja na muhuri wa ukurasa uliotangulia. Herufi moja ikibadilishwa katika ukurasa wa zamani, muhuri wake hubadilika, na mihuri ya kurasa zote zinazofuata huacha kulingana. Hivyo udanganyifu wa baadaye huonekana mara moja.

Wazo la mihuri inayofuatana lilielezwa na wataalamu wawili, Stuart Haber na Scott Stornetta, mwaka 1991, nao baadaye wakawa wanachapisha muhuri kama huo katika gazeti la New York Times ili asiwepo mtu wa kuufuta. Mwaka 2008 mtu au kikundi kilichojiita Satoshi Nakamoto kilitumia mpango wa namna hiyo kuunda sarafu iitwayo Bitcoin. Kwa sababu hiyo wanachama wengi wakisikia blokicheni hudhani ni biashara ya sarafu za mtandaoni. Yafaa waelezwe kwamba leja ya IBM Food Trust ni ya namna nyingine. Ilijengwa kwa programu iitwayo Hyperledger Fabric. Wanaoingia ni wale walioruhusiwa na kutambuliwa kwa majina, na mwenye taarifa ndiye anayeamua nani aione. Hapana sarafu inayonunuliwa humo.

Jambo moja zaidi linafanana na kanuni za uhasibu wa ushirika. Katika daftari la fedha haifai kufuta kosa kwa wembe. Huandikwa ingizo jipya la kulisahihisha, na kosa hubaki likionekana. Ndivyo ilivyo katika leja hii. Lililoingizwa limeingizwa, na marekebisho ni ingizo jingine. Kwa hiyo uzembe wa leo utasomwa na mkaguzi wa miaka ijayo.

PROGRAMU YA KUUNGANISHA

Vitabu vya chama havizungumzi lugha moja na leja ya pamoja. Chama kina mizani, simu ya karani, rejista ya wanachama na labda programu ya hesabu katika ofisi ya chama kikuu. Leja nayo ina mlango wake na masharti yake. Kati ya pande hizo mbili huwekwa programu ya kuunganisha. Zipo nyingi za aina hiyo. IBM yenyewe ina moja iitwayo App Connect. Programu hiyo ni tarishi na mkalimani kwa pamoja. Huchukua maandiko ya chama, huyageuza yawe katika muundo unaokubalika, huyapeleka, kisha hurudi na jibu. Katika safari hiyo yako mambo manne ambayo katibu anapaswa kuyaelewa, ingawa hatatakiwa kuandika programu yeye mwenyewe.

La kwanza ni namba za utambulisho. Leja haielewi "kahawa ya kwa Mzee Fulani" wala "ghala la juu". Kila bidhaa, kila mahali na kila shehena lazima viwe na namba isiyotumiwa na kitu kingine. Shirika la kimataifa la GS1, ambalo ndilo husimamia namba za mistari myeusi iliyoanza kusomwa dukani mwaka 1974, hutoa namba za bidhaa na namba za mahali zenye tarakimu 13. Namba ya shehena hupangwa na chama chenyewe. Namba zilizotolewa na ofisi ya GS1 ya Tanzania huanza na 620, na za Kenya huanza na 616. Hata hivyo tarakimu hizo huonyesha ofisi iliyotoa namba tu. Hazithibitishi kwamba mali ililimwa Tanzania au Kenya, na asiyejua hilo anaweza kudanganywa kwa urahisi.

La pili ni matukio. GS1 imeweka utaratibu uitwao EPCIS, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2007 na la pili mwaka 2022. Kwa utaratibu huo, kila tukio huelezwa kwa kujibu maswali manne: ni kitu gani, kilikuwa wapi, lini, na kwa shughuli gani. Shehena inapoanzishwa ni tukio. Inapopokelewa ghalani ni tukio. Magunia yanapopangwa pamoja katika lori ni tukio, na yanapotenganishwa ni tukio. Kahawa inapokobolewa na kuwa mali ya namna nyingine ni tukio pia, nalo ndilo lenye hatari kubwa kama itakavyoelezwa.

Hapa pana mtego wa saa. Karani anaposema saa 2 asubuhi anamaanisha saa ambayo kompyuta huiandika 08:00. Akiandika 2 kama alivyozoea, programu itaelewa 02:00, yaani saa 8 usiku. Katika leja itaonekana kwamba kahawa ilipimwa usiku wa manane chama kikiwa kimefungwa, na mnunuzi atakuwa na haki ya kutilia shaka shehena nzima. Aidha utaratibu wenyewe hutaka itajwe kwamba saa hiyo ni ya Afrika Mashariki, inayotangulia saa ya kimataifa kwa saa 3. Mtego mwingine ni vipimo. Anayeandika "gunia" bila kutaja kilo hajaandika kitu.

La tatu ni ufunguo. Mlango wa leja hufunguliwa kwa ufunguo wa siri, ambao ni mfuatano wa herufi na tarakimu. Programu huuonyesha ufunguo huo, hupewa pasi ya muda mfupi, na pasi ikiisha huomba nyingine. Mwenye ufunguo anaweza kuandika kwa jina la chama. Kwa hiyo ufunguo hutunzwa kama mhuri wa chama na kitabu cha hundi: usiandikwe ukutani, usitumwe katika kundi la WhatsApp, na mtumishi aliyekuwa nao akiondoka kazini ubadilishwe siku hiyo hiyo.

La nne ni jibu. Kutuma si kufika. Huduma huweza kuipokea taarifa mlangoni, kisha ikaikataa ndani kwa sababu namba ya mahali haijaandikishwa au tarehe imekosewa. Mtandao nao huweza kukatika baada ya taarifa kutumwa na kabla ya jibu kurudi. Programu isiyotengenezwa vizuri hutuma mara ya pili, na kilo 1,000 zikawa kilo 2,000. Dawa yake ni kila tukio kuwa na namba yake pekee, ili likirudiwa litambuliwe. Na pale ambapo kituo cha kununulia hakina mtandao, simu ihifadhi maandiko na kuyapeleka baadaye, ikitaja wakati wa tukio mbali na wakati wa kuandikishwa. Kila jioni katibu alinganishe jumla ya kitabu cha kupokelea mazao na jumla iliyokubaliwa na leja, kama anavyolinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki.

MFANO WA KILO 1,000

Ichukuliwe kwamba wanachama 40 wameleta chamani kilo 1,000 za kahawa iliyomenywa na kukaushwa. Kila mmoja amepewa stakabadhi yenye namba yake ya uanachama na uzito. Kilo hizo zimepewa namba moja ya shehena, na tukio la kuanzishwa kwake limepelekwa katika leja. Shehena inafika kiwandani na kukobolewa. Kwa kawaida kahawa ya namna hiyo hutoa takriban asilimia 80 ya uzito wake, yaani kilo 800 hivi, ambazo ni magunia 13 ya kilo 60 na kilo 20 za ziada. Tukio la kukoboa huziunganisha namba mbili: shehena iliyoingia na shehena iliyotoka. Mnunuzi wa ng'ambo akisoma namba ya gunia, anarudishwa nyuma hadi kwa wanachama 40.

Sasa iangaliwe hatari. Iwapo kiwandani itaandikwa kwamba kilo 1,000 zimetoa kilo 950, leja itaandika na kupiga muhuri. Haitajua kwamba kilo 150 zimeongezwa kutoka mahali pasipojulikana. Mkaguzi ndiye atakayejua, kwa kupiga hesabu ya asilimia. Vivyo hivyo, mahali penye biashara ya butura, ambapo mkulima huuza kahawa ingali mtini kwa bei ya chini, kahawa ya mfanyabiashara inaweza kuletwa chamani kwa jina la mwanachama. Mwanachama mwenye miche 200 akionekana ameleta mavuno ya miche 2,000, leja itaonyesha shamba lake kana kwamba ndilo lililozaa yote. Uongo huo sasa umepigwa muhuri, umenakiliwa katika kompyuta nyingi, na haufutiki.

Ndiyo maana haitoshi kusema kwamba chama kimeunganishwa. Programu njema ya kuunganisha hupewa vizuizi kabla ya kutuma: isipokee stakabadhi ya mtu asiyekuwamo katika rejista, isimamishe mavuno yanayozidi idadi ya miche, isimamishe matokeo ya kukoboa yaliyo mbali na asilimia ya kawaida, mpaka katibu ayachunguze na kutia sahihi. Vizuizi hivyo havimo katika leja. Huwekwa na chama katika upande wake, na gharama yake ni kuwa na rejista iliyo sahihi.

KANUNI YA UMOJA WA ULAYA

Msukumo mkubwa kwa vyama vya kahawa unatokana na Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1115 ya mwaka 2023, inayokataza kuingizwa katika soko lao mazao yaliyolimwa juu ya ardhi iliyofyekwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mazao hayo ni pamoja na kahawa na kakao. Tarehe ya kuanza kutumika iliahirishwa zaidi ya mara moja. Kwa ahirisho la Desemba 2025 iliwekwa tarehe 30 Desemba 2026 kwa makampuni makubwa na ya kati. Kuahirishwa kusihesabiwe kuwa kufutwa, maana kazi ya kuorodhesha mashamba haiwezi kukamilishwa katika majuma mawili ya mwisho.

Kanuni hiyo hutaka kila shamba lijulikane mahali lilipo. Kwa shamba la kahawa lisilozidi hekta 4 inatosha nukta moja ya latitudo na longitudo, yenye angalau tarakimu 6 baada ya desimali. Lililozidi hapo linahitaji kupimwa mipaka yake. Tena hairuhusu kuchanganya kahawa ya asili inayojulikana na ile isiyojulikana. Katika mfano uliotolewa, kilo 50 tu za mahali pasipojulikana zikiingia katika zile 1,000, haiwezekani tena kuzitenga baada ya kukoboa, na magunia yote 13 yamepoteza soko hilo. Wanachama 39 waaminifu wataumia kwa ajili ya mmoja, kama walivyoumia wakulima wa spinachi.

Lakini ieleweke vyema: kanuni hiyo haitaji blokicheni. Inataka taarifa ziwepo, ziwe sahihi, na ziweze kuonyeshwa. Hali ni hiyo hiyo kwa kanuni ya Marekani ya kufuatilia vyakula, iliyotolewa Novemba 2022 na ambayo utekelezaji wake ulisogezwa hadi Julai 2028. Hiyo inahusu vyakula kama mboga za majani na maembe mabichi, na inataka kumbukumbu zitolewe ndani ya saa 24 zikiombwa. Nayo haimlazimishi mtu kutumia leja ya namna moja. Muuzaji wa programu anayemwambia katibu kwamba bila blokicheni kahawa haitauzwa Ulaya hasemi kweli.

MKATABA USIWEKWE SAHIHI KWA HARAKA

Zipo faida za kujiunga. Mnunuzi akiamini kumbukumbu za chama, chama hupata nguvu katika kujadili bei. Vyeti vya ubora haviigizwi kwa urahisi. Shehena yenye dosari hutengwa peke yake bila kuziharibia jina nyingine. Hata hivyo leja haipandishi bei yenyewe. Bei hupandishwa na mkataba, na kama mkataba haukutaja nyongeza kwa kahawa inayofuatilika, chama kitabeba gharama na mnunuzi atabeba faida. Kabla ya sahihi, Bodi iulize mambo yafuatayo na majibu yake yaandikwe.

Kwanza, taarifa ni mali ya nani? Ramani ya mashamba na mavuno ya wanachama wote ni kitu chenye thamani. Mnunuzi mwenye kuijua anaweza kumfuata mkulima mmoja mmoja na kuukwepa ushirika. Mkataba useme kwamba taarifa ni za wanachama kupitia chama chao, na utaje nani anaruhusiwa kuziona.

Pili, ni taarifa zipi zinaingia? Jina la mwanachama, namba yake ya simu na ya kitambulisho havifai kupelekwa katika leja isiyofutika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mtu anayo haki ya kutaka taarifa zake zilizokosewa zirekebishwe. Itumike namba ya uanachama peke yake, na rejista inayotafsiri namba hiyo kuwa jina ibaki katika kabati la chama.

Tatu, ufunguo unakaa kwa nani? Ukikaa kwa mnunuzi au kwa fundi wa kampuni peke yake, basi mtu wa nje ndiye anayeandika kwa jina la chama, na chama ndicho kitakachojibu.

Nne, nani analipa ada mwaka wa pili na wa tatu? Mara nyingi mwaka wa kwanza hugharamiwa na mfadhili. Mfadhili akiondoka, ada huwa makato ya mkulima, nayo makato lazima yaidhinishwe na mkutano mkuu.

Tano, huduma ikifungwa itakuwaje? Swali hili si la kinadharia. Mwaka 2018 kampuni ya meli ya Maersk pamoja na IBM zilianzisha leja ya pamoja ya mizigo ya baharini iitwayo TradeLens. Tarehe 29 Novemba 2022 zilitangaza kuifunga kwa sababu haikupata ushirikiano wa kutosha wa sekta nzima, na mwanzoni mwa mwaka 2023 ikazimwa. Wenye kampuni kubwa namna hiyo walishindwa kuwashawishi wenzao kuandika katika leja moja. Chama kilichotupa vitabu vyake kwa kuitegemea huduma ya nje kitabaki mikono mitupu siku itakapofungwa. Kwa hiyo nakala ya kila kilichopelekwa ibaki chamani, katika muundo unaosomeka bila programu ya muuzaji.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kazi ya kuunganisha haianzi kwa kununua kompyuta. Huanza kwa mizani iliyokaguliwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo. Mizani yenye kasoro ya kilo 1 ikiunganishwa na blokicheni, hupeleka kasoro ya kilo 1 ng'ambo, nayo hukaa huko daima. Baada ya mizani hufuata rejista: kila mwanachama, shamba lake, nukta yake, idadi ya miche yake, na tarehe ya kupimwa. Baada ya rejista hufuata namba za shehena na utaratibu wa kutochanganya. Hapo ndipo fundi aitwe. Takwimu zinazopelekwa katika leja zilingane pia na zile zilizomo katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU, maana chama chenye hesabu mbili hakina hesabu.

Mwanachama ana wajibu wa kudai stakabadhi papo hapo, kusoma uzito ulioandikwa kabla ya kuondoka, na kuihifadhi. Stakabadhi hiyo ndiyo nakala yake ya leja. Siku leja ya ng'ambo itakaposema alileta kilo 43, karatasi yenye kilo 48 itakuwa shahidi wake. Karani ana wajibu wa kuandika alichokiona kwenye mizani na si alichoambiwa. Katibu ana wajibu wa kulinganisha kila jioni. Bodi ina wajibu wa kusoma mkataba hadi ukurasa wa mwisho, na wa kuupeleka mbele ya mkutano mkuu kwa lugha wanayoielewa wanachama.

Kabla ya msimu ujao kila chama kinashauriwa kufanya jaribio dogo lisilo na gharama. Katibu achukue gunia moja lililouzwa msimu uliopita, kisha kwa kutumia vitabu vilivyopo sasa atafute majina ya wanachama ambao kahawa yao ilikuwa ndani yake. Aandike muda aliotumia na mahali alipokwama. Palipokatika njia, labda kati ya stakabadhi na shehena, labda kiwandani, ndipo pa kutengeneza kwanza. Chama kitakachoweza kujibu swali hilo kwa kalamu na karatasi katika siku moja kiko tayari kuunganishwa. Kisichoweza, kisiweke sahihi bado. Kirudi kwanza kwenye mizani yake.